Wepesi wa kuvunjika mipakani mwa chembe

Wepesi wa kuvunjika mipakani mwa chembe ni kasoro inayofanya metali ambayo kwa kawaida hufulika na kupinda ikatike ghafla, kwa sababu uchafu kidogo umejikusanya kwenye mipaka ya chembe zake. Kwa kawaida metali huundwa na chembe za fuwele zilizoshikana. Mipakani mwa chembe hizo atomi hazijapangika sawasawa, hivyo atomi za kigeni hupata nafasi na kulegeza mshikamano. Uso wa kipande kilichovunjika hivyo humetameta kama sukari, maana ufa umepita kati ya chembe badala ya kuzikata.

Mwaka 1888 mtaalamu wa metali W. C. Roberts-Austen wa London alionyesha kwamba risasi ya asilimia 0.2 tu hutosha kuiharibu dhahabu. Bismathi huidhuru shaba vivyo hivyo.

Kwa chuma, adui mkubwa ni fosforasi, ambayo hukifanya kivunjike kikiwa baridi. Jambo hili ni zito Tororo, Uganda, kwa kuwa mwamba wa vilima vya Sukulu una magnetiti, madini ya chuma, pamoja na apatiti yenye fosfati, chanzo cha fosforasi. Salfa hukiharibu chuma kikiwa cha moto, lakini manganizi huifunga salfa hiyo.

Fosforasi huondolewa katika chuma kwa chokaa, njia ya wavumbuzi Thomas na Gilchrist ya miaka ya 1870. Taka ya njia hiyo, yenye fosfati, ilisagwa kuwa mbolea.