Mtawanyiko wa Kasi

Katikati ya M87, galaksi duaradufu iliyo umbali wa miaka-nuru milioni 55 hivi, nyota hazizunguki kwa safu moja. Ukiuweka kando mwendo wa galaksi nzima, hii yatujia, ile yatukimbia, kila moja na njia yake, kama umati wa Kariakoo. Ukipiga wastani wa kasi hizo, zinafutana na kukaribia sufuri. Lakini jinsi zinavyoachana na wastani huo ni jambo kubwa: hupita kilomita 300 kwa sekunde. Kipimo hicho ndicho mtawanyiko wa kasi.

“Mtawanyiko” ni neno la takwimu, nalo lisomwe kitakwimu. Nyota zenyewe hazisambaratiki. Zimeshikwa na mvutano wa galaksi, na kilichotawanyika ni tarakimu za kasi zake. “Kasi” nayo ni ile ya kuja na kwenda kwenye mstari wa jicho letu tu.

Hakuna anayepima nyota mojamoja. Mwanga wa mabilioni yake hufika umechanganyika, na katika spektra mna mistari myeusi ya elementi kama magnesi na chuma. Nyota zinazotujia huusogeza mstari upande wa buluu, zinazotuacha huusogeza upande wa nyekundu, basi mstari hupanuka. Upana huo ndio unaosomwa.

Zamani ilidhaniwa kwamba duaradufu zimebonyea kwa sababu ya kuzunguka, kama Dunia yetu. Mwaka 1975 wanaastronomia Bertola na Capaccioli walipima duaradufu iitwayo NGC 4697 wakakuta mzunguko wake ni mdogo mno kwa umbo lake. Kinacholishikilia umbo la galaksi ya namna hiyo ni mtawanyiko, ambao huwa mkubwa katika mwelekeo mmoja kuliko mwingine. Hata hivyo tusizitie zote kapu moja: mradi wa ATLAS3D ulipochunguza galaksi 260 za kundi hili, pamoja na zile bapa zisizo na mikono, asilimia 86 zilionekana kuzunguka vizuri. Zile za mwendo wa vurugu ni chache, na nyingi kati ya zile kubwa kabisa zimo humo.

Kwangu mimi, ajabu kubwa ilitangazwa mwaka 2000: mtawanyiko ukiwa mkubwa, shimo jeusi la katikati nalo huwa zito, ingawa nyota zilizopimwa ziko mbali kiasi kwamba mvutano wa shimo hilo hauzifikii kwa nguvu yoyote ya maana.