Vichochoro vya damu havifunguki kwa siku moja

Mwezi Desemba 1785 dereva mmoja wa gari la farasi alilazwa katika Hospitali ya St George's, London. Nyuma ya goti lake mshipa mkubwa wa damu ulikuwa umetuna kama puto. Zama zile mtu kama huyo mara nyingi alikatwa mguu. Daktari John Hunter hakuukata. Aliufunga mshipa huo kwa uzi huku juu, pajani. Njia kuu ikazibwa, lakini mguu haukufa. Damu ilipita katika vijishipa vya pembeni, na baada ya wiki kama sita mgonjwa akaruhusiwa kurudi nyumbani.

Hunter mwenyewe alikuwa na maradhi ya kubanwa kifua, hasa akikasirika. Tarehe 16 Oktoba 1793, katika mkutano wa hospitali hiyo hiyo, kulizuka mabishano. Alitoka chumbani na hasira zake, akaanguka, akafa. Alipopasuliwa, mishipa inayoulisha moyo wake ilikutwa imekuwa migumu kama mfupa.

Je, moyo hauna vichochoro vya damu? Unavyo. Daktari Mwingereza, Richard Lower, aliandika mwaka 1669 kwamba mishipa ya moyo imeungana. Mshipa ukiziba polepole, kwa miaka, vijishipa hivyo hupanuka na kusaidia kubeba damu. Ukifunga ghafla, mara nyingi huvikuta havijawa tayari.

Na mshipa waweza kujifunga wenyewe. Mwaka 1959 Myron Prinzmetal na wenzake, huko Los Angeles, walieleza habari za wagonjwa waliobanwa kifua wakiwa wamepumzika, si wakiwa kazini. Miaka ya 1970 picha za eksirei zilionyesha mshipa wa moyo ukijikaza, kisha ukalegea. Hutokea sana usiku kuelekea alfajiri, na sigara huchochea.

Kaka yangu alibanwa kifua alfajiri moja. Tukasema, "Hajabeba kitu, hiyo ni gesi." Tukampa maji ya tangawizi, maumivu yakaisha. Wiki iliyofuata yalirudi. Jioni ya siku ile tulikuwa makaburini. Hakuna daktari aliyewahi kumpima.

Basi, ndugu yangu, kifua kikikubana, hata kama ulikuwa umelala, hata kama maumivu yamekwisha, nenda hospitali. Usingoje yarudi.