Kanisa la Sala za Kale na Habari za Siasa

Katika siku hizi za jubilei watu wengi hutujia sisi walimu wa kanisa hapa Makoko, vijana wa mjini Musoma na wageni watokao mbali, wakituuliza neno moja: Liko wapi Kanisa la Anglikana lenye sala za kale, lisilochanganyika na siasa? Swali hili si la upuuzi. Mtu aliyechoshwa na kelele za kampeni siku sita hutamani siku ya saba asikie Neno la Mungu tu. Walakini yatupasa kulijibu kwa habari za zamani, maana wengi hudhani ya kwamba hapo kale kanisa na siasa havikujuana, wala si kweli.

Kitabu cha Sala chenyewe kilitoka kwanza mwaka 1549 kwa amri ya bunge la Uingereza, na kile cha 1662 vivyo hivyo. Mfalme Henry wa Nane alikuwa amekwisha kufanywa mkuu wa kanisa la nchi yake mwaka 1534. Hata maaskofu wa huko walipotaka kukitengeneza upya kitabu hicho, bunge liliwakatalia mara mbili, mwaka 1927 na mwaka 1928, na katika bunge lile walikuwamo watu wasio wa kanisa hilo kabisa. Basi akimbiliaye sala za kale apate kuiepuka siasa, na ajue ya kuwa zilipita mikononi mwa wanasiasa kabla ya kumfikia yeye. Sisi twazipenda vivyo hivyo.

Huku ziwani mambo yalikuwa mazito zaidi. Askofu James Hannington aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba 1885, kwa sababu Kabaka Mwanga na wakuu wake waliwaogopa wageni waingiao kwa njia ya mashariki, na habari za Wadachi kuitwaa nchi zilikuwa zimekwisha kufika kwao. Yeye alikuja kwa ajili ya Injili. Wao walimwona kuwa mtangulizi wa jeshi. Mwaka 1886 Waprotestanti na Wakatoliki waliteketezwa pamoja huko Namugongo, kwa ajili ya Bwana mmoja. Na mwezi wa Januari 1892, ndugu za mashahidi wale walipigana kwa bunduki huko Mengo, hawa wakiitwa Waingereza, maana yake Waprotestanti, na hawa Wafaransa, maana yake Wakatoliki. Na bunduki za Kapteni Lugard ndizo zilizokata shauri. Haikupita hata miaka sita! Hata Uganda ilipokaribia uhuru mwaka 1962, watu waliendelea kuvihesabu vyama kwa madhehebu, DP kuwa cha Wakatoliki na UPC cha Waprotestanti.

Upande wetu wa ziwa tuliepushwa na hayo, na kwa maoni yetu si kwa wema wetu. Wamisionari wa C.M.S. walikuwa na kituo Nasa, wakawaachia wenzao wa Africa Inland Mission mwaka 1909. Wamenoni walifika Shirati mwaka 1934, na Mapadre wa Maryknoll wakafika Musoma baada ya vita kuu ya pili. Hapa Makoko jirani zetu ni seminari ya Wakatoliki. Waanglikana wa Mara wengi ni matunda ya Wakristo wa Kijaluo waliovuka mpaka wa Kenya. Dayosisi ya Victoria Nyanza ilianzishwa mwaka 1963, na ya Mara ikatoka kwake mwaka 1985. Hakuna aliyekuwa na kabaka wa kumshika mkono.

Je, kanisa lisilo na chama na linyamaze? Hapa twamkumbuka Frank Weston, Askofu wa Unguja tangu 1908 hata alipofariki mwaka 1924. Katika habari za sala na desturi za kale hapakuwa na aliye mkali kumpita. Mwaka 1913 aliwashitaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa uzushi, kwa ajili ya mkutano wa Kikuyu. Na ni mtu huyo huyo aliyeandika mwaka 1920 kuipinga Serikali ya Kiingereza kwa kuwashurutisha Waafrika wa Kenya kufanya kazi, hali maaskofu wenzake walikubali jambo hilo kwa masharti. Hakumtafutia mtu kura. Alisema lililo ovu ni ovu, akarudi madhabahuni.

Mwezi wa Septemba 1921 ulikuwa umepita miaka mia moja kamili, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kenya alipowakataza wanasiasa kusema katika ibada, siku ya kuwekwa wakfu Askofu Rose Okeno huko Butere, nao wakuu wa siasa wameketi mbele yake. Kwetu Tanzania sheria ya vyama ya mwaka 1992 yakataza chama kuundwa kwa misingi ya dini. Sheria hiyo hulinda nchi. Mimbari hailindwi nayo, ila na mwalimu aliyesimama juu yake.

Basi wageni wetu twawajibu hivi. Agombeaye kiti akija Makoko siku ya Bwana, ataketi bencini pamoja na wavuvi, ataimba, atatoa sadaka yake, wala jina lake halitatajwa katika matangazo. Rais tutamwombea kwa cheo chake, kama ilivyo desturi. Na askari akichukua nyavu za mjane bila haki, tutakwenda naye ofisini Jumatatu asubuhi.