Marehemu Bayume Mohamed Husen

Inapasa ijulikane ya kwamba miongoni mwa waliofia katika makambi ya Hitler alikuwamo Mwislamu wa Dar es Salaam, aliyezaliwa mwaka 1904, Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye Wadachi walimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Katika vita vya 1914 alipigana upande wao, naye angali mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mshahara wake na wa marehemu baba yake, wala hakupewa. Akakaa huko, akafundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu, akaoa mke wa Kidachi. Akaomba nishani ya wapiganaji, akanyimwa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya mwanamke mzungu, akatiwa kambi ya Sachsenhausen, akafa humo tarehe 24 Novemba 1944.

Dola hiyo iliwaua Mayahudi wapatao milioni 6, na miongoni mwao walikuwamo waliopewa nishani katika vita vile vile. Aliyenyimwa na aliyevaa walilipwa jaza moja.

Mwaka 2007 kiliwekwa Berlin, mbele ya nyumba aliyokaa, kijiwe cha shaba chenye jina lake. Basi pale watu wapimwapo kwa nasaba na rangi, utumishi haumlindi mtu. Na anayenyamaza jirani akitengwa, ajue zamu yake yaja. Mwenyezi Mungu amrehemu.