Deheni na Seramiki

Maji ya bamvua yakishakupwa, jahazi hubaki limelalia ubavu mchangani, na mafundi wana saa chache tu kabla bahari haijarudi. Hukwangua kwanza makombe na majani yaliyoshika chini. Kisha huwasha makuti makavu na kupitisha moto taratibu kwenye mbao, ili joto liue wadudu wa bahari wanaozitoboa. Mishono iliyolegea hutiwa kalafati, pamba iliyoloweshwa mafuta, ikagongwa kwa patasi mpaka izame. Mwisho ndiyo deheni: chokaa iliyochanganywa na shahamu ya mnyama, inayopakwa kwa kiganja, ubao kwa ubao, kuanzia mkuku hadi mstari wa maji. Sehemu ya juu ina dawa yake nyingine, sifa, yaani mafuta ya ini la papa, ambayo harufu yake mtu wa Matondoni au Nungwi aiwazapo huiona puani.

Nimeanzia pwani ingawa ninalotaka kulisema liko mbali nayo, katika barabara za Ontario, Michigan na Minnesota wakati wa theluji. Huko wenye magari, wakiwamo ndugu zetu wengi wanaozungumza Kiswahili, hununua chupa ndogo ya seramiki, dawa ya majimaji inayopakwa juu ya rangi na kukaza kuwa ganda, ili rangi isiliwe na chumvi. Adui ni yule yule wa nahodha, maji ya chumvi. Kinachotofautiana ni namna ya kumkabili, na naamini nahodha ana la kumfundisha mwenye gari.

Chumvi ya barabarani huchimbwa ardhini. Mgodi wa Goderich, Ontario, umeingia zaidi ya mita 500 chini ya Ziwa Huron. Mwingine uko chini ya jiji la Detroit lenyewe. Marekani peke yake humwaga kiasi cha tani milioni 20 kwa mwaka. Chumvi hii ya mawe huyeyusha barafu vizuri mpaka baridi ifike nyuzi 9 hivi chini ya sifuri. Ikizidi hapo huongezwa kloridi ya kalsiamu au ya magnesiamu, na hizo mbili huvuta unyevu hewani, kwa hiyo bati lililorukiwa na tope lake hubaki na majimaji hata siku kavu. Wengi hudhani gereji yenye joto ndiyo salama ya gari. Kumbe kwenye baridi kali kutu hupooza, na gari likiingizwa penye joto likiwa na chumvi, kutu hupata nguvu usiku kucha.

Sasa tuitazame seramiki kwa karibu. Chupa yake ina mililita 30 hadi 50, haizidi kikombe kimoja cha kahawa ya barazani, na gari zima hutosheka. Kazi kubwa iko kabla ya kuifungua. Gari huoshwa, likapuliziwa dawa inayogeuka zambarau inapokutana na chembe za chuma zilizojichoma kwenye rangi, likasuguliwa kwa udongo maalumu, likapigwa polishi, kisha likafutwa kwa spiriti mpaka lisibaki na mafuta hata ya vidole. Ndipo matone machache yanatiwa kwenye kitambaa laini, yakapakwa kwa mistari inayokatana, mraba mmoja mmoja. Baada ya dakika moja au mbili juu ya rangi huzuka mng'ao wa upinde wa mvua, kama petroli juu ya dimbwi, na hapo fundi hufuta kwa taulo la mikrofaiba. Akichelewa, alama hugandia, na kuitoa ni kurudia polishi. Maji yasiguse kwa siku nzima, na ganda hukaza kabisa baada ya wiki hivi. Ndiyo maana kazi hii hufanywa kabla theluji haijaanza.

Kinachobaki juu ya rangi ni mikroni moja au mbili tu. Klia yenyewe, ile rangi angavu ya juu kabisa, ina kama mikroni 40 au 50. Ile 9H iliyoandikwa kwenye maboksi hutokana na jaribio la kukwaruza kwa penseli, na haina uhusiano na ugumu wa almasi kama wateja wengi wanavyoelewa.

Wajapani wanalijua ganda kwa karne nyingi. Urushi, utomvu wa mti wanaoupaka kwenye vyombo vya mbao, haukazi kwa jua. Huhitaji unyevu, kwa hiyo bakuli lililopakwa huwekwa kwenye kabati lenye hewa nyevunyevu. Seramiki nyingi nazo hukaza kwa kunywa unyevu wa hewa, na kwa hilo ni wajukuu wa wazo moja. Lakini fundi wa urushi hupaka tabaka nyembamba nyingi, na hupaka bakuli ndani, nje na kitakoni, kwa kuwa ganda lenye tundu moja limekwisha kuingiza maji.

Gari ni bakuli lisilopakwa kitako. Seramiki hupakwa kwenye boneti, milango na buti, mahali macho yanapofika, ilhali chumvi hufanya kazi yake kwenye mishono ya bati, ndani ya madigadi, kwenye vizingiti vya milango na kwenye paipu za breki. Hata huko juu, kokoto iliyorushwa na lori hupasua rangi mpaka kwenye chuma, na mikroni mbili haziizuii. Nimeona gari lililopakwa vizuri kabisa, maji yakikimbia juu ya boneti kama juu ya jani la mgimbi, na fundi akasukuma bisibisi chini ya mlango ikazama mpaka kwenye mpini. Mwenye gari alikuwa ameambiwa dukani kwamba hatahangaika tena na kutu. Hilo lilikuwa kosa kubwa, na lilimgharimu gari.

Wakanada wana desturi ya pili, isiyopendeza macho. Kila majira ya kupukutika majani hupeleka gari kwa fundi, mafuta yakapuliziwa chini na ndani ya milango kupitia vitundu. Wengine hutumia mafuta ya sufu ya kondoo. Gari hudondosha kwa siku kadhaa na linanuka, lakini mafuta hutambaa, yakafuata mshono mpaka pasipofika brashi, na palipokwaruzika hujirudia yenyewe. Ganda haliwezi kufanya hivyo.

Na deheni? Hiyo imekusanya yote mawili. Chokaa ikikutana na shahamu huzaa aina ya sabuni isiyoyeyuka majini. Grisi ya kalsiamu inayopakwa leo kwenye chesisi na mitambo ya baharini, kwa kuwa haioshwi na maji, asili yake ni chokaa na mafuta vilevile. Mafundi wetu hawakuwa na maabara, lakini walipata kitu kinachoshika ubao kama ganda na kuingia kwenye ufa kama mafuta. Sioni sababu ya kuliita hilo ujuzi wa chini.

Tena deheni haimdanganyi mtu kuhusu umri wake. Huliwa na maji, kila baharia anajua, na kwa hiyo chombo hupandishwa tena ufukoni. Kila kikipandishwa, nahodha hukitazama ubao kwa ubao, na ufa hugunduliwa ungali mdogo. Seramiki huuzwa kwa ahadi ya miaka mitano au zaidi, na mwenye gari aliyeahidiwa hivyo huacha kuinama kutazama chini.

Siikatai seramiki. Tope la chumvi halishiki sana juu yake, gari huosheka kwa maji ya kasi bila kusuguliwa, na rangi hunusurika mikwaruzo ya kitambaa. Anayeimudu aipake. Lakini fedha ikitosha kitu kimoja tu, ningeitia kwenye mafuta ya chini, kila mwaka, na kwenye kuosha uvungu kila siku ambayo baridi imelegea karibu na sifuri ili milango isigande.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa asidhani haya hayamhusu. Magari mengi yaliyotumika tunayonunua hutoka Japani, na mikoa yake ya theluji kama Hokkaido nayo hutia chumvi barabarani. Kwenye karatasi ya mnada wa huko, herufi S huonyesha kutu, na C kutu iliyokwisha kula chuma. Boneti inaweza kufika bandarini inang'aa kama kioo. Kabla hujalipa, omba picha za uvungu, na kama gari liko mbele yako, tandika gunia, lala chali, uwashe tochi.