Vitabu vya Wakatoliki katika Nyumba ya Waprotestanti

Wasomaji, katika nchi ya Marekani wako wazazi wengi wasiowapeleka watoto wao shuleni, bali huwafundisha wenyewe nyumbani, tangu kujua herufi hata kumaliza masomo ya sekondari. Mwaka 1999 serikali yao ilikadiria watoto hao kuwa 850,000, na mwaka 2012 walikaribia 1,800,000. Mzazi wa namna hii hana budi kuchagua mpango wa masomo, yaani vitabu gani visomwe, mwaka gani, na kwa utaratibu gani. Na jambo la kustaajabisha ni hili: mipango kadha wa kadha inayosifiwa kwa ile miaka minne ya sekondari imetungwa na Wakatoliki, na miongoni mwa wanaoinunua wamo Waprotestanti. Babu za babu zao wangalisikia habari hii wasingalisadiki.

Maana katika karne ya kumi na tisa shule za serikali huko Marekani zilikuwa za watu wote kwa jina, lakini kwa desturi zilikuwa za Kiprotestanti. Asubuhi mwalimu alifungua Biblia ya Kiingereza iliyotolewa zamani za Mfalme James, akaisoma, na watoto wote wakasikiliza. Wakatoliki waliohamia kutoka Ireland na Ujerumani waliona uchungu, kwa kuwa kanisa lao lilikuwa na tafsiri yake. Basi mwaka 1842 Askofu Francis Kenrick wa Philadelphia aliwaandikia wasimamizi wa shule, akiomba watoto wa Kikatoliki waruhusiwe kusoma Biblia yao wenyewe. Ombi lenyewe lilikuwa dogo. Lakini uvumi ukaenea kwamba Wakatoliki wataka kuiondoa Biblia shuleni, na mwezi wa Mei mwaka 1844 maneno yakageuka kuwa mapigano mitaani. Kanisa la Mtakatifu Mikaeli na kanisa la Mtakatifu Augustino yakateketezwa kwa moto. Mwezi wa Julai mapigano yakazuka tena, na watu wakafa. Nasi wa Afrika ya Mashariki tusiwacheke, kwa sababu mwezi wa Januari mwaka 1892 huko Mengo, katika Buganda, Wakristo wa pande hizo mbili walipigana kwa bunduki.

Tangu hapo Wakatoliki wa Marekani wakakata shauri kuwa na shule zao. Mwaka 1884 maaskofu walikutana Baltimore, wakaagiza kila parokia ijenge shule karibu na kanisa katika muda wa miaka miwili. Hawakufaulu mahali pote, walakini shule zilizojengwa zilikuwa nyingi sana, nazo ziliwachukiza watu wengine. Mwaka 1922 wananchi wa Oregon walipiga kura, ikatoka sheria ya kuwalazimisha watoto wote wa miaka 8 hata 16 waende shule za serikali tu. Ku Klux Klan walikuwa miongoni mwa walioiunga mkono. Ndipo masista wa shirika la Majina Matakatifu ya Yesu na Maria waliposhtaki. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya nchi, na tarehe 1 Juni, 1925, majaji wote kwa kauli moja waliibatilisha sheria ile. Walisema kwamba serikali yaweza kuzikagua shule na kudai mafundisho mema, lakini haina ruhusa ya kumnyang'anya mzazi haki ya kumchagulia mtoto wake mahali pa kufundishwa.

Sasa tazama jinsi mambo yalivyopinduka. Mwaka 1962 na mwaka 1963 Mahakama hiyo hiyo ilikataza sala na usomaji wa Biblia uliopangwa na serikali katika shule zake. Waprotestanti wengi walijiona kuwa wageni katika nyumba iliyokuwa yao. Wakaanzisha shule zao, wakachapa vitabu vyao, kama walivyofanya Wakatoliki zamani. (Tusifiche kwamba wako pia walioanzisha shule ili watoto wao wasikae pamoja na watoto weusi, baada ya hukumu ya mwaka 1954.) Mwaka 1972 Waamishi wa Wisconsin, waliokuwa wametozwa faini ya dola tano tano, walishinda kesi yao, wakaruhusiwa kuwatoa watoto shuleni baada ya darasa la nane. Wazazi waliotaka kufundisha nyumbani walipopelekwa mbele ya mahakimu, walizishika hukumu hizo mbili kama ngao. Hata mwaka 1993 jambo hilo lilikuwa halali katika majimbo yote. Hivyo Mprotestanti afundishaye mwanawe mezani kwake leo anakaa chini ya kivuli cha mti uliopandwa na masista wa Oregon.

Na kwa nini vitabu vya Wakatoliki vikapendwa? Sababu kubwa ni Kilatini. Mwaka 1947 Dorothy Sayers, mwanamke Mwanglikana, alitoa hotuba huko Oxford, akisema kwamba shule za siku zile ziliwajaza watoto mambo bila kuwafundisha kufikiri; akasifu utaratibu wa kale wa sarufi, mantiki na ufasaha. Miaka mingi ikapita, kisha Waprotestanti wa Marekani wakaiokota hotuba ile, wakatamani elimu ya namna hiyo kwa watoto wao. Walipotafuta, waliona kwamba Wakatoliki walikuwa na njia hiyo tangu zamani, maana Wajesuiti walitoa kanuni zao za masomo mwaka 1599. Kolbe Academy, iliyoanzia Napa, California, ilijenga mpango wake juu ya njia hiyo ya Wajesuiti. Iko pia Seton, katika mji wa Front Royal, Virginia, na nyinginezo.

Lakini mzazi asidhani ananunua sarufi peke yake. Katika somo la dini atakuta mafundisho juu ya Papa, Bikira Maria na sakramenti saba, na Biblia yenye vitabu 73 badala ya 66. Hayo yanaonekana wazi, na mzazi aweza kuyaweka kando. Shida yenyewe imo katika historia. Kitabu cha Anne Carroll kiitwacho "Christ the King, Lord of History", ambacho hutumiwa sana katika sekondari za namna hii, hueleza habari za dunia yote kwa macho ya Kikatoliki, wala hakifichi nia hiyo. Kijana wa miaka 15 aliyelelewa akimsifu Luther atasoma habari za mwaka 1517 zikielezwa kama msiba.

Twaa mfano wa Uingereza. Katika enzi ya Malkia Mary, mwaka 1553 hata 1558, Waprotestanti wapatao 280 walichomwa moto, naye Askofu Mkuu Cranmer alichomwa Oxford mwaka 1556. Katika enzi ya Elizabeth, padre Edmund Campion alinyongwa na kukatwa vipande London mwaka 1581. Mtoto wa Kiprotestanti humjua Cranmer, na mtoto wa Kikatoliki humjua Campion. Mara nyingi kila mmoja hajui yule wa pili. Mimi niliyezoea kufundisha historia naona hatari ya kumpa kijana kitabu cha upande wa pili ni ndogo kuliko hatari ya kumwacha aende chuo kikuu akiwa amesikia kifo kimoja tu. Walakini kitabu kisomwe pamoja na mzazi, na kile cha nyumbani kiwekwe kando yake. Mzazi asiye na nafasi ya kukaa hivyo achague mpango mwingine, maana kijana aliyeachwa peke yake na kitabu cha namna hii ataamini kila neno au atakidharau chote.

Yako na mambo ya karatasi. Vyuo vikuu hutaka orodha ya masomo na alama za miaka minne: Kiingereza, hesabu, sayansi, historia, lugha ya kigeni. Mzazi aweza kuiandika orodha hiyo mwenyewe, au kuandikisha kijana katika shule ya kwa posta na kupata cheti chake. Anayetaka cheti, tena hataki somo la dini, yampasa aulize kwanza kama shule itakubali somo lingine mahali pake, na kama sheria ya jimbo lake yadai jambo zaidi. Wengi huuliza wakiwa wamekwisha lipa.