Kijana wa Turkana na Mimbari za Nairobi

Mwaka 1984, mtafutaji visukuku Kamoya Kimeu aliona kipande cha fuvu huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Uchimbaji ukafichua mifupa ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, anayejulikana kama Kijana wa Turkana. Kupata mifupa mingi ya mtu mmoja wa kale kiasi hicho ni nadra mno.

Vita vya maneno kuhusu mifupa hiyo vilizuka mwaka 2006, Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yakikarabatiwa. Askofu Boniface Adoyo, kiongozi wa kanisa la Kipentekoste lenye waumini hadi Buruburu, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, alipinga mifupa hiyo kutumiwa kufundisha mageuzi kama ukweli. Mwanapaleontolojia Richard Leakey alimjibu vikali.

Mwaka 2008 makumbusho yalifunguliwa upya, Kijana akiwemo. Uamuzi wa kumwonyesha ulikuwa sahihi: mtoto wa Jericho au Kariobangi, mitaa mingine ya Eastlands, ana haki ya kuuona ushahidi kwa macho yake.

Tena, mjadala huo wa uumbaji na mageuzi haukuwa mgeni kwa mtoto huyo. Katika mfumo wa elimu wa 8-4-4, simulizi ya uumbaji ilisomwa kidato cha kwanza katika somo la dini, na mageuzi kidato cha nne katika baiolojia.